Babu Hana Namba

Kwenye masjala ya mahakama ya mwanzo hakuna anayekuuliza wewe ni mtoto wa nani. Swali ni moja: "Namba ya shauri?" Kama huna namba: "Mwaka?" Kama na mwaka huna, karani anakutazama kwa huruma, kisha anamwita aliye nyuma yako, ambaye kwa uchungu utakuta anayo namba, tena kaiandika kwenye kiganja.

Sisi tulikuwa ukoo mzima usio na namba. Babu alifariki zamani, akaacha minazi kadhaa na kiwanja chenye nyumba ya udongo ambayo tangu hapo imekwisha kurudi kwenye udongo. Baba mkubwa akateuliwa kuwa msimamizi wa mirathi, akaisimamia kwa miaka mingi akiwa amekaa kibarazani kwake, hadi na yeye akafariki. Hakuna aliyelalamika. Kisha ikasikika kwamba lami inakuja upande ule, na ndugu ambao tulishawasahau sura wakaanza kupiga simu za kusalimia tu. Mnunuzi akajitokeza, mtu mstaarabu, akaomba kuona karatasi ya mahakama inayosema nani ana mamlaka ya kuuza. Tukamkaribisha chai. Akanywa, akashukuru, akaomba tena kuona karatasi.

Utaratibu wenyewe si mgumu ukiusikia. Mirathi ya mtu aliyeishi kwa mila za kwao au kwa dini ya Kiislamu hufunguliwa katika mahakama ya mwanzo ya mahali alipokuwa na makazi yake ya kudumu, na jalada linabaki hukohuko. Sasa babu alikuwa kibarua wa mkonge, mke mmoja kambini, mke mwingine kijijini, na kila mke hadi leo ana watoto walio tayari kuapa kwamba makazi ya kudumu yalikuwa kwao. Zaidi ya hapo, kijiji chenyewe enzi zake kilikuwa wilaya ya Muheza. Baadaye Mkinga ikamegwa ikawa wilaya inayojitegemea, na kijiji chetu kikahama wilaya bila mnazi hata mmoja kusogea. Kwa hiyo kabla ya kutafuta mwaka ilibidi kwanza tutafute wilaya, na kabla ya wilaya ilibidi tumalize ugomvi wa wake wawili ambao wote wameshatangulia mbele ya haki.

Mwaka ndio ulitutoa jasho. Shangazi mkubwa, ambaye akisema jambo linakuwa limeshapita, alitangaza kwamba baba yake alikufa mwaka wa Sokoine. Anakumbuka turubai lilikuwa bado uani, redio ikawa inapiga maombolezo mchana kutwa, na yeye kwa uchungu wake akadhani taifa linamlilia baba. Sokoine alifariki Aprili 1984. Tukaandika 1984. Baba mdogo akakohoa. Yeye miaka anaihesabu kwa mpira. Taifa Stars walipokwenda Lagos mwaka 1980 kwenye Kombe la Mataifa ya Afrika, babu alikuwa hai na alisononeshwa sana na mabao matatu tuliyopigwa na wenyeji, na kwa maoni ya baba mdogo hakupona. Shangazi mdogo akasema ni mwaka wa wahujumu uchumi, 1983, kwa sababu sanda ilipatikana kwa kujuana. Jirani aliyekuja kuomba chumvi akachangia kwamba kwa kumbukumbu zake ni mwaka aliokuja Papa Yohane Paulo wa Pili. Huyo ni 1990. Tulimpa chumvi haraka.

Tukaenda mahakamani na orodha ya miaka. Karani aliipokea vizuri, akaisoma, akavua miwani. "Hii ni miaka ya kifo. Shauri mlilifungua mwaka huohuo?"

Nakumbuka nzi alipita.

Maana watu wetu hawafungui mirathi siku ya arobaini. Hufungua siku fedha inapotakiwa, na fedha inaweza kutakiwa baada ya muongo. Daftari la mashauri ya mirathi linapangwa kwa mwaka wa kufunguliwa, kurasa kwa kurasa, mwandiko wa kalamu ya wino wa makarani ambao sasa na wao wana mirathi zao. Na jina? Babu alikuwa Athumani. Waliomwandika walimwandika Athumani, Asumani, Othman na Uthman, kutegemea karani alisoma madrasa, misheni au kwingineko. Nilipendekeza tutafute yote manne katika miaka yote. Karani akanionyesha rafu, kisha akanionyesha watu waliokuwa kwenye benchi.

Mpwa wangu wa chuo akatuokoa, au alidhani hivyo. Akasema siku hizi kesi zote ziko kwenye mtandao, akafungua TanzLII, ambako hukumu husomwa bure, akaandika jina la babu. Likatokea papo hapo: rufaa ya jinai, wizi wa ng'ombe. Kibaraza kizima kikanyamaza. Shangazi mkubwa akauliza ng'ombe wangapi. Ilituchukua muda kuthibitisha kwamba mwizi alikuwa wa mkoa mwingine na alikuwa hajazaliwa babu alipokufa, na hata baada ya uthibitisho huo baba mdogo alionekana kusikitika kidogo, kwani ng'ombe wangeongeza mali ya mirathi. Kule mtandaoni utakuta zaidi Mahakama Kuu na Mahakama ya Rufani. Jalada la mahakama ya mwanzo la enzi zile liliandikwa kwa mkono na kufungwa kwa kamba, na kamba hiyo hakuna mtandao ulioifungua.

Jioni hiyo hata hivyo haikupotea bure. Mpwa alikutana na kesi ya Bi Hawa Mohamed dhidi ya Ally Sefu ya mwaka 1983, akaisoma kwa sauti. Mahakama ya Rufani ilikubali kwamba kazi za nyumbani za mke ni mchango katika mali ya ndoa. Mashangazi wakapiga vigelegele. Mpwa akaendelea kusoma: lakini kwa kuwa mume alikwisha kumpa mama huyo fedha za mradi naye akazitapanya, mahakama ikaona hana cha kuongezewa. Vigelegele vikakatika katikati. Shangazi mdogo alisema Bi Hawa angemfuata yeye kwanza kabla ya kwenda mahakamani. Baba mdogo alisema hukumu ni nzuri mno, akaomba isomwe tena ile sehemu ya mwisho. Chakula cha usiku kililiwa katika makundi mawili.

Kesho yake baba mdogo, kwa mori wa ushindi ule, akaleta wakili. Alimpata chini ya mwembe karibu na mahakama, mahali ambapo mawakili wa kweli huwa hawana ofisi. Suti ilikuwepo, begi lilikuwepo, mhuri ulikuwepo. Alitaka kwanza fedha ya kufungulia jalada, na nilipomuuliza atalifungulia wapi ilhali hatujui liliko, alitabasamu, akasema hayo ni mambo ya kitaaluma. Akatuandikia maombi kwa Kiingereza kizito, kurasa mbili zenye mistari iliyopigiwa mstari. Karani aliyapokea, akayasoma juu juu, akauliza: "Huyu amemwandikia nani?" Mahakama ya mwanzo inaendeshwa kwa Kiswahili, na si kuanzia jana. Tena hao mawakili wenyewe kwa miaka mingi sheria haikuwaruhusu kusimama humo. Mlango ulifunguliwa mwaka 2021, na hata hivyo ni pale tu anapoketi hakimu mkazi. Kwa hiyo wale vishoka waliokuwa wakijisifu chini ya miembe kwamba wamewakilisha watu mahakama ya mwanzo tangu enzi za Mwinyi, nadhani walikuwa wakiwakilisha njaa zao. Mpwa alipomwomba jina kamili ili alitafute kwenye orodha ya mawakili iliyo mtandaoni, bwana yule akakumbuka ana msiba Korogwe. Sijui marehemu alikuwa nani ila namshukuru.

Aliyetufaa hakuwa na suti. Alikuwa mwalimu mstaafu wa shule ya msingi, mama wa makamo mwenye khanga mbili na daftari la mistari, msaidizi wa kisheria aliyesajiliwa chini ya Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017. Watu hawa hawaruhusiwi kukusimamia mahakamani kama wakili na hawatozi ada. Wanakuelekeza, wanakusaidia kuandika, na wanakuambia ukweli mapema kabla hujauza mbuzi. Alitusikiliza wote, hata jirani wa chumvi. Miaka tuliyoitaja hakuiandika kabisa. Alipomaliza kusikiliza akauliza kitu ambacho hakuna kati yetu aliyewahi kukifikiria: "Mzee alikuwa na kazi ya mshahara?"

Tukasema mkonge.

"Basi alikatwa Akiba."

Alimaanisha NPF, ule mfuko wa akiba ya wafanyakazi ulioanzishwa 1964, ambao baadaye ukawa NSSF. Mwajiri alikata, mfuko ukatunza, na mtu akifa fedha zake hazitoki kwa machozi. Zinatoka kwa barua ya mahakama kwa msimamizi, na barua ya mahakama haiendi popote bila namba ya shauri. "Sasa," mwalimu akauliza, "fedha za Akiba nani alizifuata?"

Macho yote yakamwendea shangazi mkubwa. Shangazi akatazama paa.

Ikabidi uletwe mfuko wa nailoni. Kila nyumba inao mfuko huo, unakaa chini ya godoro au juu ya kabati, na kuuliza kilichomo ni utovu wa adabu. Ulikuwa na kadi ya TANU, kadi ya kliniki ya mtoto ambaye leo ni babu wa watu, leseni ya redio, risiti ya baiskeli ya mtu asiyejulikana, na chini kabisa bahasha ya kaki yenye nakala ya barua. Juu kulia: Mirathi Na., kisha tarakimu, mkwaju, na 1982. Mwaka ambao hakuna aliyeutaja. Msaidizi akainakili namba taratibu. Shangazi mkubwa akaiangalia ile barua kwa mbali bila miwani, akasema mahakama ilikosea.

Kuanzia hapo mambo yalikwenda kwa heshima. Barua kwa hakimu mfawidhi, sisi ni warithi, tunaomba kukagua jalada na kupewa nakala iliyothibitishwa, kontroli namba ya malipo, kusubiri, kuitwa. Jalada likatoka na vumbi lake, na kwa kweli nilihisi kama kumwona mtu. Fomu Na. 4 ilikuwemo, ile inayomtaja msimamizi, na dole gumba la baba mkubwa.

"Msimamizi yuko wapi?" karani akauliza.

"Amefariki."

"Alileta hesabu?"

Shangazi mkubwa akajibu kwamba alikuwa na nia.

Maana kumbe kanuni zinamtaka msimamizi alete orodha ya mali na madeni katika miezi minne, Fomu Na. 5, na baadaye maelezo ya hesabu, Fomu Na. 6. Baba mkubwa hakuleta chochote, akaenda zake na nia yake, na mbele ya sheria shauri la babu lilikuwa bado liko wazi tangu 1982 likimsubiri. Usimamizi nao haurithiwi. Msimamizi akifa, mahakama inaombwa iteue mwingine.

Halafu ikasomwa orodha ya warithi. Kati ya baba mdogo na kitinda mimba lilikuwepo jina la mwanamke ambaye hakuna aliyemjua, na jina la shangazi mdogo halikuwepo kabisa. Shangazi mkubwa alisema huyo mgeni alikuwa mpangaji. Baba mdogo alisema kwa sauti ya chini kwamba babu alikuwa mtu wa safari. Shangazi mdogo alikuwa ameshaanza kulia anaporwa haki yake na kahaba wa kambini, hadi karani aliposoma umri, miaka kumi na tisa, na mwalimu akahesabu kwa vidole. Ndiye yeye. Lilikuwa jina lake la kwanza, kabla hajaugua akabadilishwa jina ili ugonjwa umkose. Watu wa nyumbani walikwisha kulisahau, na yeye mwenyewe pia, ila mahakama ilikuwa imelitunza. Sasa anatakiwa kuapa mbele ya kamishna wa viapo kwamba yeye na yule kahaba ni mtu mmoja.

Kikao cha ukoo cha kupendekeza msimamizi mpya tulikifanya palepale nje, kwa sababu kuwakusanya watu hao tena kungehitaji msiba. Asubuhi hiyo walikuwepo wagombea wanne, kila mmoja na wapambe. Mwalimu akawasomea kazi yenyewe: miezi minne, fomu ya mali, fomu ya hesabu, kila senti na maelezo yake, na ukila mali ya mirathi mahakama inakuondoa na unaweza kushtakiwa. Baba mdogo akakumbuka mgongo. Shangazi mkubwa alisema macho yake hayaoni tena maandishi, ingawa dakika chache kabla alikuwa amemsahihisha karani. Mpwa ana mitihani. Jua lilikuwa kali, nikaenda dukani kuwanunulia maji.

Niliporudi nikiwa na chupa mikononi, muhtasari ulikuwa umeshaandikwa, umeshasainiwa, na dole gumba la mwisho lilikuwa linapulizwa likauke. Walinipigia makofi. Nikasoma jina la msimamizi aliyependekezwa kwa kauli moja, nikalirudia kusoma, na kwa mara ya kwanza katika historia ya ukoo wetu lilikuwa limeandikwa bila kosa hata la herufi.

Shangazi mkubwa akapokea maji yake, akanyoosha mkono wa pili akataka chenji. Mwalimu akanisogezea daftari na kalamu, akasema hiyo pia niandike.