Mwalimu Hodali

Matangazo yangu ya kwanza niliyachapisha Karatina, karatasi 200, katika saiba moja iliyo karibu na soko. Karatasi niliyokuwa nimeandikia maneno ililowa mvua, kwa hiyo nikamsomea msichana wa pale kwa mdomo. Sasa yule alikuwa msichana wa kwetu. Alijua fika kwamba ulimi wa huku Mlima Kenya huchanganya l na r, akaamua kunisahihisha kimyakimya bila kuniaibisha: kila r aliyoisikia aliigeuza l. Niliposema "mwarimu" akaandika "mwalimu", Mungu ambariki. Niliposema "hodari", akaendelea na ukarimu wake.

Niliyabandika kwenye milingoti ya stima kuanzia Karatina hadi Chaka, nikamalizia Ruring'u na King'ong'o pale Nyeri mjini. Nilikuwa nimebakiwa na matano niliposoma kwa mara ya kwanza nilichokuwa nikitangaza: MWALIMU HODALI WA KISWAHILI. NAKUFUATA NYUMBANI.

Jioni hiyo simu ikalia. "Naongea na Bwana Hodali?"

Sikuwa na mwanafunzi hata mmoja. Nikasema, "Ndiye mimi."

Lugha ya Kikuyu haina l. Ina r, tena laini, na aliyelelewa nayo anaweza kufikisha miaka ishirini kabla hajagundua kwamba kura na kula ni vitu viwili (ingawa nakiri kwamba wanasiasa wetu nao hawajavitofautisha). Mimi nilisomea ualimu, nina shahada, nina nambari ya Tume ya Huduma ya Walimu, na nilikuwa bado nasubiri kuajiriwa. Uliza chochote kuhusu ngeli nitakujibu. Lakini jina lenyewe la kazi yangu ndilo lililokuwa likinishinda kulitamka, na kila nikibisha mlango wa mzazi nilihisi kwamba leo ndiyo siku ya kukamatwa.

Hali hiyo ina wataalamu wake. Mwaka wa 1978 wanasaikolojia wawili wa Marekani, Pauline Clance na Suzanne Imes, waliandika kuhusu wanawake waliofaulu vizuri masomoni na kazini lakini moyoni wakaamini kwamba wao ni matapeli ambao bado hawajagunduliwa. Nilisoma habari zao nikafarijika kwa dakika mbili. Kisha nikakumbuka kwamba wale wanawake hofu yao haikuwa na msingi. Yangu ilikuwa na ulimi.

Jumamosi moja nilikuwa na mwanafunzi Nanyuki, na hapo nilimwona mwalimu mwingine wa kujiajiri. Penye kibao cha ikweta kuna jamaa mwenye jagi la maji, beseni lenye tundu na kijiti cha kiberiti. Anawatembeza watalii hatua chache kaskazini, maji yanazunguka upande huu. Hatua chache kusini, yanazunguka upande ule. Kwenye mstari wenyewe yanashuka wima. Wanafizikia watakwambia kwamba mzunguko wa dunia hauna nguvu ya kugeuza maji ya beseni kwa hatua chache hivyo, na kwamba yanafuata tu yalivyomiminwa. Jamaa hana habari hizo, au anazo na amezikalia. Akimaliza anakuuzia cheti. Nilisimama nikamtazama kwa wivu mtupu. Mimi na shahada yangu magoti yanalegea, yeye na kijiti anagawa vyeti!

Ndipo, mwezi wa Julai, ukungu wa Nyeri ukiwa haujaondoka hata saa tano, nikapigiwa simu na sauti ya Pwani. Bwana huyo alikuwa amehamishiwa Nyeri kikazi kutoka Mombasa pamoja na jamaa yake. Mtoto wake, Kidato cha Tatu, alikuwa anaanguka Kiswahili.

Mtoto wa Mombasa! Kumfundisha huyo Kiswahili ni kama kuwapelekea watu wa Othaya majani chai. Lakini kodi ya nyumba ilikuwa imefika.

"Sawa mzee," nikamwambia. "Kabla ya bei, tuelewane kwanza mahari."

Kimya.

"Mahari?"

"Ndiyo, mzee. Ukipata hapo kwako ni sawa, hata kwangu ni sawa."

"Mwalimu," akasema polepole, "mwanangu ni wa kiume."

"Hakuna shida, mzee. Mimi nataka tu mahari patulivu, pasipo na kelele."

Nikasikia pumzi ikitoka, halafu kicheko. "Aa! Patulivu! Hapo kwenye *pa* nimekufahamu."

Yaani ngeli ya mahali ndiyo iliyoniokoa. Mahari ingekuwa *tulivu* au, kwetu, ingekuwa mbuzi kadhaa. Ulimi ulinitupa shimoni, upatanisho wa kisarufi ukanivuta.

Siku ya kwanza nilifika nimepiga viatu rangi. Barazani palikuwa na ndoo ya buluu, imejaa nusu. Kabla sijabisha, sauti ya ajuza ikaita kutoka ndani: "Mwalimu! Ndoo! Ndoo ndani!"

Nikainama, nikainyanyua, nikaingia nayo. Maji yalinimwagikia kwenye kiatu cha kushoto. Sebuleni, karibu na jiko la makaa, alikaa bibi aliyejifunika leso mbili na blanketi, macho tu yakionekana. Aliiangalia ndoo. Akaniangalia mimi. Nyuma ya pazia la jikoni mtu alikuwa akijizuia kucheka na anashindwa.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mwanangu. Hayo maji wayapeleka wapi?"

Chuoni nilijibu swali zima la lahaja. Niliandika, na nikapata alama nzuri, kwamba Kimvita cha Mombasa husema *ndoo* pale Kiunguja kinaposema *njoo*. Lakini mtihani haukunirushia neno hilo ghafla kutoka mlangoni, na ndoo yenyewe iko miguuni!

Tuliketi. Kijana alinionyesha karatasi yake ya pili, ile ya lugha: 31 kwa 80. Nikamuuliza "ufunguo" uko ngeli gani.

"Ya chuma, mwalimu."

Na bado hakuna hata mara moja aliyosema "ufunguo imepotea", kosa ambalo nusu ya wanafunzi wangu wa Mlimani hulila pamoja na githeri. Upatanisho wote ulikuwa mdomoni mwake, ila hakuwahi kuambiwa una majina. Tulipofika kwenye sauti nikamwelezea kwamba l ni kitambaza, hewa ikipita kando za ulimi, na r ni kimadende, ncha ya ulimi ikipigapiga ufizi. "Sasa zitamke," nikamwamuru kwa ukali wa mwalimu mkuu. Akazitamka kama kinanda. Tangu hapo tukagawana kazi: yeye mdomo, mimi kalamu. Nyumbani, peke yangu, nilikuwa narudia alivyozitamka.

Kisha nikaona insha yake. "Mato yakanijaa machozi," alikuwa ameandika, na mwalimu wa shuleni amelizungushia *mato* kalamu nyekundu na alama ya kuuliza.

"Kwani kakosa nini?" bibi akauliza. "Mato si mato?"

Nikamweleza kwamba mwaka wa 1928 maofisa wa serikali za kikoloni walikutana Mombasa, wakaamua Kiswahili cha shuleni kifuate Kiunguja. Ndiyo maana mtihani unataka *macho*.

Bibi aliiteremsha leso kidevuni. "Walikuja Mvita, wakala pilau yetu, kisha wakachagua cha Unguja?"

Sikuwa na habari za pilau, lakini sikumkatalia.

Kijana alipokwenda kuleta chai na mahamri, bibi aliniinamia. "Mwanangu, nami hicho cha vitabuni chanishinda. Viambishi, sijui vitenzi vishirikishi. Mjukuu akiniletea kazi ya shule namwambia miwani imepotea."

Miwani ilikuwa usoni.

Niliwafundisha wote wawili mpaka Novemba, bibi akijifanya anasuka mkeka. Kijana akafika 52. Mimi nikaanza kusema *mwalimu* bila kuvuta pumzi kwanza.

Januari nilirudi saiba ileile. Tangazo la zamani lilikuwa bado kwenye kompyuta, na msichana akaniuliza kwa upole kama jina langu Hodali liendelee hivyo hivyo. Nikamwambia aliache, watu wameshalizoea. Ila aongeze mstari mmoja chini. Nikaupanga ulimi, kitambaza safi kabisa, cha Mji wa Kale wa Mombasa: "Hufika ma-ha-li popote."

Alinitazama kwa huruma kidogo, akachapa. Nililipa karatasi 200, nikaisoma ya juu nikiwa tayari barabarani. HUFIKA MAHARI POPOTE.

Nikaiangalia *popote* ile kwa muda. Kisha nikaenda kununua gundi.