Gazeti Halistaafu Ukambani

Huko Marekani kuna watu wazima, wenye kazi na familia, wanaotafuta magazeti ya zamani yaliyoandika kuhusu siku mchezaji fulani wa besiboli alipoingia ligi kuu kwa mara ya kwanza. La Jackie Robinson, aliyeanza kuichezea Brooklyn Dodgers tarehe 15 Aprili 1947, hulitia kwenye fremu ya kioo, mbali na jua na mikono ya watoto. Nilipowasimulia wenzangu haya kwenye kibanda cha chai pale Kalundu, mjini Kitui, mzee mmoja aliweka kikombe chini akauliza, "Sasa nyama wanafungia nini?"

Mimi besiboli siijui. Gongo ninalolifahamu ni la bawabu. Ninachotafuta ni gazeti lolote la Jumatatu, tarehe 21 Septemba 1992, kwa sababu Jumapili yake, kule Newcastle, Uingereza, kijana wa Kitui aliyeanzia kwenye ndondi, Benson Masya, alishinda mashindano ya kwanza kabisa ya dunia ya nusu marathoni. Dakika 60 na sekunde 24. Nyuma yake akafika Antonio Silio wa Argentina, kisha jirani yetu Boay Akonay wa Tanzania. Masya alifariki mwaka 2003, akiwa na miaka 33 tu. Najua Maktaba ya McMillan jijini Nairobi imehifadhi magazeti ya miaka na miaka, lakini kule unasoma na kurudisha. Mimi nataka la kutoka nalo kwapani.

Shida ni kwamba huku kwetu Ukambani gazeti halistaafu. Likishasomwa linahamishwa kituo. Linafunika daftari la mtoto wa shule, linatandikwa chini ya godoro, linaivisha maembe ya Makueni kwenye kreti, linazuia upepo dirishani, na likichoka kabisa linapewa ile kazi ya choo ambayo hakuna anayeiombea uhamisho. Anayelitafuta ili alitie kwenye kioo anaonekana kama mtu aliyekuja kumtoa fundi kazini ili akampige picha.

Halafu Agosti 2017 serikali ya Kenya ikapiga marufuku mifuko ya plastiki. Uamuzi mzuri, mbuzi wetu wanaushukuru hadi leo. Lakini kuanzia siku hiyo nilipata washindani wenye visu. Kila nilikosikia kuna mtu anauza magazeti ya marehemu babu yake, nilikuta mwenye bucha ameshapita na mizani. Yeye hanunui kwa tarehe, ananunua kwa kilo, na analipa papo hapo. Niliwahi kusimama kaunta nikimsihi mmoja aniruhusu kupekua rundo lake. Akaniambia sawa, ila kila karatasi inatoka na nyama. Tulikula matumbo juma zima, na nilichoambulia ni matokeo ya mtihani wa darasa la nane.

Mwaka wenyewe wa 1992 nao haunisaidii. Chama cha upinzani cha FORD kilikuwa kimetoka kugawanyika Agosti, uchaguzi wa vyama vingi ukawa Desemba, na huku kwetu Makueni ikatengwa kutoka Machakos ikawa wilaya. Waliohifadhi magazeti ya mwaka huo walihifadhi siasa, yaani kurasa za mbele. Michezo hukaa nyuma, na ukurasa wa nyuma ndio unaokutana kwanza na chai, mafuta ya taa na kiberiti. Nina kurasa za mbele za kutosha kufungua chama changu mwenyewe.

Masya nilimpata mara ya kwanza Wote, kwa fundi cherehani. Alikuwa amekatwa kuwa kiolezo cha mkono wa blauzi. Kwapa la blauzi lilimpitia magotini, kwa hiyo bingwa wa dunia wa mbio alikuwa amesimama bila miguu, na pini mbili kifuani. Nilitaja bei. Fundi akatoa kalamu sikioni na kunieleza, kwa upole wa mtu anayemhurumia mgonjwa, kwamba huo ndio mkono wa sare ya kwaya ya kina mama, na kwamba nikiondoka nao nikaeleze mwenyewe kanisani Jumapili.

Mara ya pili ilikuwa upande wa Mutomo, kwa susu mmoja, yaani nyanya kwa Kikamba, ambaye nyumba yake ya udongo imebandikwa magazeti ndani kwa uji wa unga. Juu ya kitanda, karatasi imenyooka, bila tone la mafuta: Jumatatu, 21 Septemba 1992. Hata mchwa walikuwa wameiheshimu, jambo ambalo kwa Kitui ni la kutangazwa redioni.

"Susu, naomba unipe ule ukurasa."

"Mwanangu, na upepo nitaupa nini?"

Tukapatana kama watu wazima. Ningelipia saruji na fundi wa kupiga plasta chumba kizima, na kabla ya kazi kuanza ningekuja na maji ya vuguvugu na kisu chembamba kubandua ukurasa wangu. Nikatuma pesa kwa M-Pesa, ya fundi nikaituma yote ili asinizungushe. Nimejenga choo na nimejenga kibanda cha kuku, na sijawahi kuona fundi aliyefika siku aliyosema. Huyu alifika siku moja kabla, alfajiri, na mchanga umeshachekechwa.

Nilipompigia simu kumuuliza kuhusu ule ukuta wa kitandani, alinituliza. Aliona pana karatasi, akaogopa saruji itabanduka, basi hapo akaongeza unene na kupigilia waya. Hapo, alisema kwa fahari, hapatikisiki hata kwa tetemeko.

Jioni Susu mwenyewe akapiga. Alinibariki mimi, watoto wangu na ng'ombe ambao sina. Halafu akashusha sauti: jikoni kuna magazeti mengine, yameiva kwa moshi, yeye hasomi tarehe, lakini ukisogeza taa karibu kuna mtu anakimbia. Na jiko lenyewe, akaongeza, nalo linahitaji mifuko kama mitatu hivi ya saruji.