Mtajiju na Nyara ya Serikali

Kimandolu, ukibisha hodi popote hukosi mtu anayekula kwa mgongo wa wanyamapori. Huyu dereva wa watalii, yule mpishi wa kambi, wa tatu anawabebea wageni mizigo Mlima Meru. Baba mwenye nyumba wangu alikuwa msoma nyayo, traka kama wanavyojiita wenyewe, kwenye kambi za uwindaji wa kitalii. Kazi ameacha, macho hayajaacha. Akiona alama ya kandambili kwenye tope la uani atakuambia ni ya nani, kapita saa ngapi na kama alikuwa amebeba kitu. Wapangaji tumezoea. Hakuna anayerudi usiku wa manane kisha asubuhi akadai alilala mapema.

Kwa maelezo yake, kumpiga mnyama ni kazi ya dakika moja na kila mwenye hela anaiweza. Kazi yenyewe ni kumpata baada ya hapo, hasa akiwa mla nyama. Swala aliyejeruhiwa hukimbia mpaka nguvu zimwishie, basi. Chui ni habari nyingine. Anatundikiwa chambo mtini, mgeni amejibanza kwenye kibanda cha majani, jua linazama, na sheria haimruhusu kupiga giza likishaingia. Jike haruhusiwi kumgusa, wala dume ambaye hajafikisha urefu, kwa hiyo mgeni anahangaika kupima kwa macho huku mkono unatetemeka. Risasi iliyokusudiwa begani inapita tumboni. Chui anashuka, anaingia kichakani, ananyamaza, anasubiri.

"Hapo mgeni anamtazama mwindaji bingwa," husema baba mwenye nyumba, "mwindaji bingwa ananitazama mimi, na mimi sina wa kumtazama."

Ndiyo maana maisha yake yote alitamani mbwa. Mwindaji bingwa mmoja aliyekulia Zimbabwe alimsimulia kando ya moto habari za vijibwa vya terrier, vifupi, vyeupe vyenye mabaka, ambavyo kule kusini huingizwa kichakani kumtafuta chui aliyejeruhiwa. Kijibwa kinafuata damu, kinamkuta chui, kinambwekea usoni kwa matusi yote kinayoyajua. Watu wanajua alipo, na chui anakuwa na la kumshughulisha. Kikinyamaza ghafla, hilo nalo ni jibu. Mgeni mwingine, Mjerumani, alimweleza kwamba kwao kuna mbwa wa Hannover ambao kazi yao hapa duniani ni moja tu: kufuata mnyama aliyejeruhiwa, wakiwa wamefungwa kamba ndefu. Mtihani wao ni damu iliyomwagwa jana au juzi, imeshalala usiku kucha, saa 20 au hata 40 zimepita, na mbwa lazima aifuate bila kugeuka kumwangalia kila paa anayepita.

"Na kwenu kazi hiyo hufanywa na mbwa gani?" Mjerumani akauliza.

"Nikajinyooshea kidole," anasema mzee.

Lakini mbwa wenye akili si wa Ulaya peke yake. Wahadzabe wa Ziwa Eyasi wanawinda nyani na mbwa wao, na watalii hutoka huku Arusha kwenda kuwaona. Na ukipanda gari ukaelekea njia ya Moshi, pale Usa River, shirika la African Wildlife Foundation lina mahali pa kufundishia mbwa wanaonusa meno ya tembo na pembe za faru kwenye mizigo ya bandarini na viwanja vya ndege. Mbwa anafundishwa harufu, akiipata anakaa kitako kimya, anapewa mpira wake acheze. Mpira! Mama mwenye nyumba aliposikia hivyo alimtazama mbwa wetu, aliyekuwa ametoka kula ugali wa watu wanne, akasema kuna viumbe wamezaliwa na bahati mbaya ya mtaa.

Mbwa wetu anaitwa Mtajiju. Jina alipewa na mama mwenye nyumba mwenyewe, enzi za ugomvi wa mpaka na jirani wa chini, ili kila jioni akisimama kwenye masale kumwita mbwa, jirani apate ujumbe bila kutajwa. Ugomvi ulikwisha zamani, wakasuluhishwa kanisani, wakala pamoja. Jina likabaki. Hata leo mama akiita "Mtajiju! Mtajiju!" kuna dirisha kule chini hufungwa kwa nguvu.

Mwaka mmoja, mwezi wa saba, kuku walianza kufa. Si kuibwa, kufa. Asubuhi unakuta matetea wawili chini ya kichanja, hawana vichwa, miili mizima. Kila mpangaji alikuwa na mshukiwa wake: nguchiro, fungo, kicheche, paka wa jirani wa chini. Mzee alichuchumaa, akaangalia ukuta wa banda, akaokota unywele mmoja kwenye wavu, akasema kanu. Nguchiro wengi hulala usiku, na huyu anapita juu, hachimbi. Nadhani hakuna mtu aliyewahi kufurahi kiasi kile kwa kufiwa na kuku.

Mimi ni mwalimu, na ninachojua kuhusu kanu ni kwamba ni mnyamapori. Kwa hiyo nilimkumbusha Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori ya mwaka 2009. Mnyama ukimuua kwa kutetea mali yako unaweza kueleweka, lakini lazima utoe taarifa, na mzoga si wako, ni nyara ya serikali. Sote tumesikia redioni habari za watu waliokutwa na nyara za serikali. Huwa haziishii kwa vicheko.

"Kwa hiyo mwalimu," akasema taratibu, "akiwa hai anakula kuku zangu, ni wangu. Akishakufa ni wa serikali."

"Ndiyo, mzee."

"Basi tutamtafuta tuikabidhi serikali mtu wao."

Usiku wa Jumamosi kuku wakapiga kelele. Nilipotoka nimejifunga shuka la Kimasai, mzee alikuwa ameshasimama uani na manati, tochi ameing'ata mdomoni. Juu ya bati la banda palikuwa na kitu chembamba chenye madoa, mkia wa pete pete mrefu karibu sawa na mwili. Manati ikalia. Kitu kikaruka, bati likalia, kisha kimya. Tulipomulika tukaona matone ya damu kwenye ukingo wa bati, matatu au manne, mekundu kabisa, na unyoya wa kuku umenata kwenye mojawapo. Mzee akayapangusa kwa kipande cha gazeti kama daktari anayechukua kipimo, akamfunga Mtajiju kamba ndefu ya katani Kijerumani, akamnusisha.

Mtajiju akalamba gazeti. Akatikisa mkia kuuliza kama lipo jingine.

Kisha, sina budi kusema ukweli, alienda moja kwa moja kwenye mparachichi ulioinamia banda, akasimama kwa miguu ya nyuma, akabweka kuelekea juu. Mzee akavuta kamba. "Damu iko chini, si mbinguni," akasema. Mbwa akabweka tena. Akavutwa tena. Mtajiju alimwangalia bwana wake, akaangalia mti, akaonekana kufikiria nani anampa ugali, akageuka akaingia migombani.

Tulichopata katika saa iliyofuata, kwa mpangilio: mfupa wa mbuzi nyuma ya baa, mtoto wa jirani wa chini, wa kiume, umri wa miaka ishirini na kitu, akiongea na simu kwenye mtaro kwa sauti ambayo haitumii nyumbani, na kandambili ya kushoto iliyopotea kwetu tangu Pasaka. Mbwa wa Usa River hufundishwa kushikilia harufu waliyotumwa. Mtajiju anaheshimu harufu zote kwa usawa.

Tulipotokea barabarani tukamulikwa.

"Simama hapo! Nani?"

Walikuwa vijana wa ulinzi shirikishi, wanne, na marungu. Mzee akajitaja.

"Shikamoo mzee. Mnatafuta nini saa hizi?"

"Marahaba. Tunatafuta maiti."

Marungu yakahamia mikono ya kulia.

"Maiti ya nani?"

"Ya serikali," akasema mzee, kwa sauti ya mtu anayeijua sheria.

Nikaona niingilie kabla mambo hayajafika kituoni. Nikasema kaka zangu, mzee anamaanisha kicheche tu, maana huku kila kinachokula kuku usiku watu hukiita hivyo.

"Kicheche wa mtaa huu?" akauliza mdogo wao, mwenzake akampiga kiwiko.

Mkubwa wao akamulika chini. "Na huyu mbwa anaitwaje?"

"Mtajiju."

Kimya.

"Mzee," akasema kijana, "mimi nimekusalimia vizuri."

Ilichukua muda. Walituachia baada ya mmoja wao kukumbuka kwamba bibi yake aliwahi kukorofishana na mama mwenye nyumba, na kwamba jina hilo alilisikia tangu utotoni akadhani ni tusi la Kimeru.

Kwenye lundo la samadi la jirani wa juu ndipo Mtajiju alipofanya kazi. Alichomoka kamba ikamponyoka mzee, tukasikia purukushani, mbweko mmoja, kisha kilio cha mbwa aliyetukanwa. Tulipofika alikuwa anajisugua pua kwenye nyasi. Chini ya tochi alilala mnyama mdogo mweusi mwenye michirizi myeupe mgongoni, amelegea, mdomo wazi, kafa kabisa.

"Huyu hapa," akasema mzee.

Nikasema yule wa batini alikuwa na madoa. Akajibu kwamba kwenye mwanga wa mwezi madoa hujipanga. Nikasema mkia wake ulikuwa na pete. Akaniambia mwalimu, wewe umefundisha wanyama wa kwenye kitabu. Nikauliza, na hii harufu? Maana ilikuwapo harufu, ya mpira uliochomwa pamoja na kitunguu saumu kilichooza. "Ameanza kuharibika," akasema. "Joto." Arusha, mwezi wa saba, saa nane usiku, mimi meno yanagongana.

Laiti mmoja wetu angekumbuka tabia za kicheche halisi. Kwa kawaida hana shida na kuku; anapenda panya, mende na mabuu, na samadi ni ghala lake. Ana tezi chini ya mkia ambazo hurusha uvundo usiotoka. Na akizidiwa anajifanya maiti, analegea kila kiungo, mpaka adui aondoke au alegeze macho.

Akabebwa kwenye kiroba, akalazwa kwenye beseni jikoni, akafunikwa ungo, juu ya ungo likawekwa jiwe dogo la heshima. Mzee akampigia simu mjumbe aje alfajiri kushuhudia kabla taarifa haijapelekwa kwa maofisa. Mjumbe alikuja amevaa suti, kwa kuwa alikuwa msomaji wa neno kwenye ibada ya kwanza. Mzee akaondoa jiwe. Akasimama wima, akatamka, "Nyara ya serikali," akafunua.

Marehemu akainua mkia.

Sitaeleza sana. Mjumbe alitoka kwa mlango wa nyuma, ambao haukuwa umefunguliwa. Kicheche akatoka kwa ule wa mbele, kwa hatua za kawaida, akampita Mtajiju aliyeamua ghafla kuchunguza ukuta. Wapangaji wa vyumba vya mwisho walisogea barabarani na mablanketi. Mama mwenye nyumba akamaliza nyanya alizonunua Tengeru, akamaliza malimao, akapaka majivu, akachemsha majani ya mkaratusi, jiko likanuka vyote hivyo na kicheche juu yake. Nilijaribu kwenda kanisani. Kwenye kifodi konda alirudisha nauli yangu kabla sijaitoa. Kanisani nilipata benchi zima. Mjumbe alisoma neno akiwa na suti ya kuazima, na wazee wa kanisa walimsikiliza kutoka mbali kidogo kuliko kawaida.

Mzee hakutetereka. Alisema mbwa alitumwa kuleta mnyama, ameleta mnyama. Kwamba mnyama alikuwa mwongo si kosa la mbwa. Jioni alikuwa tayari anazungumzia mbwa wa pili, mtaalamu, na kamba ya ngozi badala ya katani. Mama alimsikiliza huku akisugua beseni kwa mchanga, akamuuliza kama huyo mtaalamu naye atakula ugali.

Jumatatu akaja mnunuzi wa maparachichi na kijana wake wa kupanda. Mtajiju alikuwa amelala chini ya ule mparachichi wa bandani, kama alivyolala hapo Jumapili mchana kutwa, na mzee alikuwa amesema anafuata kivuli. Kijana akapanda na mfuko, akafika kwenye panda ya pili, akatulia.

"Mama," akaita kwa upole, "huku juu mnafuga paka?"

Akashuka bila kutumia matawi, na maparachichi mengi yakaamua kushuka naye. Juu ya tawi alionekana kanu, mwembamba, madoa, mkia wa pete, sikio moja limechanika na damu imekaukia hapo. Alitutazama sote kwa zamu, akatembea mpaka mwisho wa tawi, akaruka kwenye bati la jirani wa chini, akapotea. Mtajiju alibweka mara moja, bila kuinuka.

Mzee alienda kusoma nyayo.

Mnunuzi alihesabu maparachichi yaliyopondeka, akayaweka pembeni, akataka yakatwe kwenye hela. Mama mwenye nyumba akamwambia hasara hiyo akaidai serikalini, kwa mwenye mnyama.