Meza ya Mwalimu wa Zamu: Barua za Wiki Hii Zimesahihishwa

Barua zimekuja nyingi, na kama kawaida zimetoka kwa walimu, wake wa walimu, waume wa walimu, na watu waliowahi kufundishwa ambao hawajasahau. Zote nimezisoma. Zilizoandikwa bila aya nimezisoma mara mbili, ya pili kwa hasira. Kila barua imepewa alama. Anayetaka jibu la upole aandikie ukurasa wa mapishi.

"Mwalimu wa Zamu, shikamoo. Mume wangu ni mwalimu wa taaluma katika shule ya msingi. Saa kumi na moja jioni anarudi nyumbani, lakini anarudi na shule nzima. Akitaka chumvi anaiomba mara tatu, halafu anauliza, 'Tumeelewana?' Watoto mezani wananyoosha mkono ndipo wapewe mboga. Juzi kwenye harusi ya mdogo wangu alisimama akamsahihisha mshereheshaji Kiswahili chake mbele ya wakwe. Nimechoka. Nifanyeje? – Mke wa Mwalimu, Makambako."

Marahaba, mama. Alama 81. Ungepata zaidi, ila umesema umechoka bila kutoa mifano ya kutosha. Mitatu haitoshi kwa ndoa.

Kwanza uelewe mwenzio anashinda wapi. Kwenye darasa lililojaa, jambo lililosemwa mara moja halijasemwa. Mara ya kwanza wanasikia wa mbele. Mara ya pili wanasikia wa katikati. Mara ya tatu ndipo linawafikia wale wa nyuma ambao walikuwa wakibadilishana vifuniko vya soda chini ya dawati. Mtu akifanya hivyo miaka nenda miaka rudi, koo lake halijui tena kwamba msikilizaji sasa ni mmoja na amekaa hatua mbili kutoka jikoni. Dereva wa lori akiwa abiria naye hukanyaga breki ambayo haipo. Hilo la "tumeelewana" si dharau, mama. Ndivyo anavyopumua. Jaribu kumuuliza yeye akiwa usingizini. Ataitikia "ndiyo" kwa sauti ya darasa zima.

Dawa si kumpinga, ni kumtumia. Mwalimu wa taaluma anaheshimu kitu kimoja hapa duniani: ratiba iliyobandikwa ukutani. Basi chukua karatasi kubwa, piga mistari kwa rula, andika siku upande wa kushoto na kazi juu. Jumatano na Ijumaa kwenye kuosha vyombo weka jina lake. Jumapili kwenye kupiga pasi sare weka jina lake tena. Chini andika "Imeidhinishwa", weka sahihi yako na tarehe. Hatathubutu kuigusa. Akinung'unika, mwambie malalamiko yanapokelewa kwa maandishi kupitia kwa mkuu wake wa kazi, ambaye ni wewe.

Watoto kunyoosha mkono waache. Nyumba yenye watoto wengi na sufuria moja ya dagaa inahitaji utaratibu.

Na kuhusu harusi, hukuandika mshereheshaji alisema nini. Kama alisema "chakula imeiva", mume wako hana kosa.

"Mwalimu, salamu. Nina shahada, nimeajiriwa mwaka jana kwenye sekondari ya kata. Tangu jina langu litoke kwenye orodha ya ajira, ukoo mzima umeajiriwa. Kadi za michango zinaniletea harusi za watu nisiowajua. Mjomba ananiuliza, 'Wewe mtumishi wa serikali, hela unapeleka wapi?' Nimjibuje bila kumvunjia heshima? – Mshahara wa Ukoo, Nzega."

Alama 74. Mjomba ameuliza swali zuri, na swali zuri hujibiwa kwa kuonyesha njia. Kaa naye chini, chukua peni, mpigie hesabu ya kila laki moja ya mshahara wako wa msingi. Mfuko wa pensheni, PSSSF, unachukua 5,000. Bima ya afya 3,000. Chama cha Walimu 2,000, kama umejiunga. Bodi ya Mikopo, kwa ile shahada ambayo mjomba aliichinjia mbuzi, inachukua 15,000. Hapo 25,000 zimeondoka na kodi ya mapato bado haijapiga hodi. Mkopo wa benki hukuutaja, nami sikuulizi. Najua tu kwamba maofisa wa mikopo huwafahamu walimu wapya kabla wakuu wa shule hawajawafahamu. Utaratibu unataka makato yasikuachie pungufu ya theluthi moja ya mshahara. Umewekwa uwe kikomo. Wenzako wengi wameusoma kama lengo la muhula.

Kadi zipokee zote kwa mikono miwili, na kwenye ahadi andika kiasi unachokiweza leo. Nimekaa kwenye kamati za harusi za kutosha kujua kwamba hakuna kamati inayomkasirikia mwenye elfu kumi aliyoileta. Wanaotangazwa kwenye kikao ni wale wa laki mbili za mdomoni.

Lakini kama mjomba huyo ndiye aliyekununulia godoro la bweni na sare ulipokuwa kidato cha kwanza, basi hesabu yote niliyokupa ifunge, umtumie kitu bila kujieleza. Hayo ni marejesho, na hayana asilimia wala bodi.

"Shikamoo Mwalimu. Mimi niko darasa la sita. Mama ndiye anayetufundisha Hisabati. Nikikosa swali darasani ananigombeza, na tukifika nyumbani ananigombeza tena kwa swali lile lile. Je, ni haki? Nimeambatisha swali lenyewe. – Mtoto wa Mwalimu, Muheza."

Marahaba, mwanangu. Alama 92, hati yako nzuri kuliko ya watu wazima wote wiki hii. Si haki. Kosa moja huadhibiwa mara moja. Mwonyeshe mama safu hii akiwa ameshakula na ameshavua viatu. Ila swali la saba ya nane kugawanya kwa robo bado umelikosa. Geuza sehemu ya pili, kisha zidisha. Jibu ni tatu na nusu.

"Mwalimu wa Zamu, mimi ni mwalimu wa Fizikia. Kila Jumamosi naenda chini ya mwembe kucheza bao na wazee, mafundi baiskeli na vijana wa bodaboda. Mke wangu anauliza bao linaingiza shilingi ngapi. Mkuu wa shule anasema najishushia hadhi. Kinachoniuma zaidi ni kwamba kila wiki nafungwa na mzee mmoja fundi baiskeli aliyeishia darasa la nne. Niache? – Kete Mkononi, Kondoa."

Alama 70. Usiache.

Sisi Watanzania tunamruhusu mtu starehe kwa sharti moja, iwe na faida ya kuwaeleza watu. Ukifuga kuku wa kisasa unaitwa mjasiriamali, hata kideri kikiwapitia wote wakaisha. Ukilima matikiti yakaoza shambani, unaitwa mtu wa kujituma. Ukicheza bao unaitwa mvivu, ijapokuwa hujapoteza hata kifaranga. Kila mwalimu ninayemjua ana "mradi". Nikiuliza ana mchezo gani ananitazama kana kwamba nimemuuliza anaiba lini.

Mwambie mke wako hivi: bao lina mashimo 32 na kete 64. Mnapoanza, kila mmoja ana kete 10 ubaoni na 22 mkononi, na kabla hujashusha moja unatakiwa ujue ya mwisho itaangukia wapi, itakula wapi, na mwenzako atakujibu kwa kichwa kipi. Kazi hiyo inafanywa kichwani, bila karatasi, huku watu sita wakikupigia kelele. Mkuu wa shule naye mkumbushe kwamba Mwalimu Nyerere alilipenda bao, na hadhi yake sijasikia kama ilipungua.

Huyo mzee wa darasa la nne ndiye sababu yangu kubwa ya kukuzuia usiache. Jumatatu mpaka Ijumaa wewe ndiye unayejua jibu. Unauliza swali ambalo jibu lake unalo tayari, halafu unawashangaa watoto kwa kutolijua. Ni vizuri mara moja kwa wiki ukae mbele ya mtu anayekuona unavyokosea mapema kuliko wewe, akufunge mkononi hata hujamaliza kunamua, kisha akusogezee kahawa. Jumatatu utamwelewa yule mtoto wa nyuma anayetazama ubao wako wa Fizikia kama wewe unavyotazama ubao wa mzee.

Masharti ni machache. Usicheze ukiwa zamu. Usicheze na mzazi ambaye asubuhi umemrudisha mwanawe nyumbani. Na, nakuomba, usifundishe. Ukianza kumweleza fundi baiskeli kwa nini kete ile ilikuwa kosa, utabaki peke yako na mwembe.

"Mwalimu, nafundisha Kiswahili sekondari hapa Ukerewe. Usiku nikimaliza kusahihisha huwa naandika hadithi kwenye kurasa za nyuma za daftari langu la maandalio ya masomo. Mthibiti ubora alipokuja kukagua akafungua huko nyuma, akasoma sura tatu, akauliza ya nne iko wapi. Mkuu wa shule amekasirika, amenitaka nijieleze kwa maandishi. Je, mwalimu haruhusiwi kuwa mwandishi? – Kalamu ya Usiku, Ukerewe."

Alama 88, na nimeipunguza makusudi usije ukavimba kichwa.

Mkuu wako amemkuta mtu na kosa la kuandika, akampa adhabu ya kuandika. Sijui nimsaidie yeye au wewe. Jieleze kwa ukurasa mmoja, kwa adabu, na usitumie tashbihi hata moja. Kubali kwamba daftari la maandalio ni mali ya kazi, kisha kesho yake ununue kauntabuku lako la jalada gumu na ulifungie kabatini. Hapo kesi imekwisha.

Kuhusu kuruhusiwa, umeuliza swali hilo ukiwa mahali pabaya pa kuliuliza. Hapo hapo kisiwani kwenu, Namagondo, ndiko alikozaliwa Euphrase Kezilahabi mwaka 1944. Alifundisha sekondari kabla ya kurudi Chuo Kikuu alikosomea, na riwaya yake ya Rosa Mistika ilitoka mwaka 1971, ikazuiwa mashuleni kwa muda, halafu ikaja kusomwa kuliko vitabu vingi ambavyo havikumuudhi mtu. Mathias Mnyampala naye aliwahi kushika chaki, na ndiye wa kumshukuru au kumlaumu, inategemea umekaa kivulini au juani, kwa ngonjera zote za sherehe za shule. Na Nyerere, aliyeacha kufundisha Pugu mwaka 1955 kwa ajili ya siasa, alitoa Mabepari wa Venisi mwaka 1969 akiwa Ikulu. Nchi nzima ilikuwa inamsubiri mezani, na bado alipata muda wa Shakespeare. Wewe una kidato cha pili mikondo miwili. Utapata muda.

Sasa hadithi yenyewe, kwa kuwa umeniambatishia. Ugonjwa wa walimu wanaoandika ni kuisahihisha sentensi kabla haijafika kwenye nukta, na wewe unao. Wahusika wako wote wanasema Kiswahili cha mtihani. Yule mlevi wa ukurasa wa pili anaanguka mtaroni huku akisema, "Laiti ningalijua." Nimewahi kumfahamu mlevi mmoja tu wa namna hiyo, naye alikuwa mwalimu mstaafu. Mwache mlevi avuruge ngeli. Mwache mchuuzi wa sato aape uongo. Usiku, daftari za watoto ziweke chumba kingine, maana zikiwa karibu mkono unatafuta makosa.

Jingine: usiwaandike wenzako wa ofisini. Kubadilisha majina hakusaidii. Ukimweka kwenye hadithi mkuu wa shule mwenye kitambi anayeuza mahindi ya wanafunzi, wakuu wa shule watatu wa tarafa yako watakuja kulalamika, na mmoja wao atakuwa mwembamba.

Ukitaka kujua kama sura imekaa vizuri, usimpe mke, usimpe rafiki, usimpe mshindani wako wa Kiswahili wa shule jirani. Isome kidato cha pili kipindi cha mwisho Ijumaa, watu wamekula makande na jua linachoma bati. Usiwaambie nani kaandika, na usiwaambie wanyamaze. Wakinyamaza wenyewe, endelea kuandika. Wakianza kufunga mabegi, umepata maoni ya mhariri bila kulipia.

Sura ya nne mpelekee mthibiti. Mtu aliyefika kisiwani kwa kivuko kukagua maandalio, akaishia kuuliza hadithi inaendeleaje, anastahili kuimaliza.

Nafasi imekwisha. Barua za toleo lijalo zifike kabla ya wiki ya mitihani ya muhula, kwa sababu baada ya hapo nitakuwa nasahihisha za watoto, na hizo ndizo ninazolipwa. Andikeni kwa wino wa bluu au mweusi na mwache pambizo upande wa kushoto. Wanaolalamikia alama walizopata wiki hii waje na mzazi.