Laptopu Yenye Homa

Ukitaka kujua ploti moja ya Kaptembwo, hapa Nakuru, ina madaktari wangapi, acha laptopu yako izime mbele ya watu. Yangu ilichagua jioni ya Juni 30, siku ya mwisho ya kujaza ritani za kodi za KRA, majirani wakiwa wamenizunguka na PIN zao mkononi. Anayechelewa hupigwa faini isiyopungua shilingi 2,000, hata kama mwaka mzima hakuona mshahara. Tukafungua ukurasa, tukabonyeza, mashine ikazima zii. Hakuna onyo, hakuna maandishi.

Keyateka wa ploti ndiye aliyetoa hukumu ya kwanza: stima. Stima ya kwetu hubeba lawama nyingi, nyingine za haki, lakini taa ilikuwa inawaka juu ya kichwa chake na laptopu ilikuwa na betri. Kijana anayesoma chuo akasema ni virusi, tufomati. Huyo hufomati kila kitu. Simu ya mamake ilipoteza picha za harusi nzima mikononi mwake. Mzee wa boda akauliza nimeinunua wapi. Nikamwambia ni ya mtumba, ex-UK.

"Ndiyo hiyo sasa. Imezoea baridi ya Wazungu. Joto la huku italiweza wapi?"

Joto gani, mzee? Nakuru iko mita 1,850 hivi juu ya bahari, na Juni tunalala na sweta. Jua lingekuwa ndilo muuaji, Mombasa isingebaki na kompyuta hata moja hai.

Mama anayekaanga mandazi langoni hakuwa amesema neno. Alipangusa mkono kwenye leso, akaigusa laptopu tumboni, akauondoa mkono upesi. "Mwalimu, hii ina homa."

Ushahidi ulikuwa upande wake. Tukiiwasha papo hapo, ilizima mapema zaidi. Tukiiacha ipoe, ilijikaza kidogo. Virusi havijali kama mashine imepumzika. Ilipopata nafuu nikaiwekea programu ndogo ya kupima joto: nyuzi 97, na feni inalia. Prosesa nyingi zimewekewa mpaka wa karibu nyuzi 100. Zikiukaribia hupunguza mwendo. Joto likizidi kupanda, mashine hujizima isiungue. Huku juu maji huchemka kwenye nyuzi 94 hivi, kwa hiyo laptopu yangu ingeweza kuchemsha chai Kaptembwo lakini Mombasa ingeshindwa. Tena hewa yetu ni nyepesi kuliko ya pwani kwa karibu sehemu moja ya tano, na feni hapa huhangaika sana ikaondoa joto kidogo.

Saa zilikuwa zinayoyoma. Mama akaleta wavu wa waya anaochujia mandazi, tukaiinua laptopu juu yake ipate hewa kwa chini. Keyateka akakabidhiwa kifuniko cha katoni, akaipepea kama jiko la makaa lililogoma kushika. Kila akichoka joto lilipanda, na waliobaki kwenye foleni wakamfokea. Ritani zikaingia moja moja, na ya mwisho ilipita kabla ya saa sita usiku, ikinukia mafuta.

Kesho yake fundi aliifungua. Ndani mlikuwa na vumbi, mende mmoja marehemu, na nyuzi za blanketi jekundu ambalo binti yangu huilaza laptopu juu yake akitazama katuni. Ile dawa inayopakwa kati ya prosesa na chuma cha kupoza ilikuwa imekauka ikawa unga. Fundi akakwangua, akapaka mpya, akapuliza kwa blowa. Vumbi lote likahamia kwa jirani yake muuza chipsi, na ugomvi uliofuata ulichukua muda mrefu kuliko kazi yenyewe. Sasa joto halizidi nyuzi 70.

Tangu hapo hakuna fundi anayeitwa kwenye ploti kabla Mama hajampima mgonjwa. Juzi keyateka alimpelekea redio yake iliyonyamaza. Mama akaishika, akaigeuza, akafungua mgongo.

"Hii haina homa," akasema. "Hii haina betri."