Mchicha wa Uani

Genge la mtaani kwetu Tabata linauza fungu la mchicha shilingi 500, na ukilitia jikoni linanywea mpaka unajiuliza nani kala kabla yako. Ndipo nikamtangazia mke wangu kwamba kuanzia sasa mboga tutalima wenyewe. Akaniuliza tutalima wapi. Alikuwa na haki ya kuuliza, maana nyumba tunayopanga ina vyumba sita na ua umemwagwa zege kutoka ukutani hadi getini. Hata nyasi hazina pa kuchomoza.

"Tunajenga boksi la mbao, tunalijaza udongo, basi," nikasema.

Hilo neno "basi" ndilo lililoniponza.

Mbao nilizipata kwenye ghala la vigae: mapaleti manne, shilingi 2,000 moja. Yalikuwa yamegongwa muhuri wa HT. Jirani wa chumba cha pili akasema hizo ni herufi za mwenye mali, tutakamatwa. Nikamweleza, kwa sauti ya mtu aliyejifunza jambo jana usiku, kwamba HT maana yake mbao zimepashwa moto kuua wadudu. Za kukimbia ni zenye MB, hizo zimefukizwa sumu. Akazitazama kwa huruma. "Mbao zimewashinda wadudu, wewe ndiyo unapandia mboga?"

Habari za useremala nisizirefushe. Msumari wa nchi tatu ukiupiga kwenye ubao mwembamba, unapasua kwanza ndipo ushike. Pembe tatu zilikubali kuungana, ya nne ikagoma, nikaifunga kwa waya wa nondo. Ndani nikatandika salfeti za mchele, nikazitoboa matundu maji yapate kupita.

Kikabaki kiwanja. Jua lilipiga vizuri katikati ya ua, na hapo katikati palikuwa pameinuka kidogo, mraba wa zege wenye vyuma viwili vilivyopinda kama masikio ya sufuria. Nikaona aliyejenga nyumba kaniachia msingi. Boksi likakaa, likatulia: urefu mita mbili, upana mita moja, kina sentimita 30.

Wewe unayesoma umeshaelewa. Mimi ilinichukua miezi minne.

Boksi la vipimo hivyo linameza lita 600 za udongo, yaani ndoo kubwa 30. Kirikuu kiliumwaga nje ya geti, nikauingiza ndoo kwa ndoo, na nilipofika ya kumi na mbili nilikuwa nawaheshimu wabeba zege wote wa Dar es Salaam. Mbolea nilipewa bure na mfuga kuku wa nyumba ya nyuma, ya asubuhi ile ile, bado inafuka. Miche ikachipua, ikaungua, ikafa yote ndani ya wiki. Kumbe mbolea ya kuku ikiwa mbichi ni kali, inatakiwa irundikwe ioze kwanza. Nikasubiri ioze. Safari ya pili nikachanganya mbegu na mchanga, maana ni ndogo mno na ukizimwaga hivi hivi zinajazana mahali pamoja. Wiki ya nne mchicha ukasimama, majani mapana kama kiganja.

Nikagawa fungu moja kila chumba. Walinishukuru, tena walizidisha. Mzee wa chumba cha mwisho alilipokea kwa mikono miwili, akalishika mbali kidogo na kanzu yake. Kesho yake nikakuta fungu nyuma ya nyumba, ukambaa nilioufunga mimi bado umekaza, kuku wanalidonoa. Nikajisemea watu wa mjini bwana, hawajui mboga.

Masika yakaingia. Mchicha ukastawi, choo kikaanza kukoroma. Tukachangishana, gari la majitaka likaja, kijana akaingia na bomba begani akiuliza chemba iko wapi. Vyumba vitano vikanigeukia.

"Iko chini ya mchicha," akasema mzee.

"Mzee, kumbe ulikuwa unajua?"

"Mwanangu, nimekaa nyumba hii miaka kumi na tisa. Sote tunajua. Tulidhani ndiyo maana umepanda hapo." Akashusha sauti kwa adabu. "Tukasema, kijana kasoma. Mizizi inashuka, inajinywea yenyewe."

Nikaanza kueleza habari ya salfeti, nikaeleza unene wa mfuniko, nikaapa kwamba mzizi wa mchicha hautoboi zege. Waliitikia kwa vichwa kama watu waliokuja kumjulia hali mgonjwa.

Tukajaribu kulisukuma. Wanaume watano, dereva wa sita. Udongo uliolowa, ndoo moja tu ni zaidi ya kilo 30, na humo zilikuwemo ndoo 30 zenye mvua ya wiki nzima. Boksi halikutikisika. Kilichoachia ni waya wa pembe ya nne, na ubavu mzima ukafunguka kama mtu aliyelegeza mkanda baada ya pilau. Udongo, mchicha na heshima yangu vikamwagika uani. Tukachota kwa koleo na kwa mabeseni ya kufulia mpaka mfuniko ukaonekana. Hakuna mzizi hata mmoja uliougusa. Nikawaita waje waone. Wakaja, wakaona, wakasema ndiyo, ndiyo.

Kijana wa bomba alimaliza kazi, akanawa kwa sabuni hadi viwikoni, akasimama juu ya lile rundo.

"Kaka, mboga yote hii mnaitupa?"

Nikamwambia achukue. Akachuchumaa, akachambua shina kwa shina, akikung'uta udongo, akafunga mafungu matatu ya nguvu na moja akamrushia dereva dirishani. Mzee alikuwa akimfuatilia kwa macho muda wote, kimya. Gari lilipokata kona, akanisogelea.

"Mwanangu, hebu nifungie na mimi."

Nikamwambia fungu ni shilingi 500.