Ala ya Baba Watoto

Koyote walipotuchukulia vitoto vya mbuzi kwa mara nyingine, baba watoto aliapa kwamba haendi tena bandani bila bastola kiunoni. Tunaishi kusini mwa Dallas, kwenye ekari chache tulizonunua ili tufuge mbuzi wa nyama. Soko si la kuhangaikia: Mkongo akiwa na harusi, Msomali akiwa na Idi, Mtanzania akiwa na ubatizo, simu yetu inaita. Texas ndiyo jimbo lenye mbuzi wengi kuliko yote Marekani, na koyote wana habari hiyo. Ni mnyama wa jamii ya mbwa, mkubwa kuliko bweha wa kwetu, na mjanja kiasi cha kujua saa zako za kunywa chai. Zaidi ya hao kuna nguruwe mwitu, wanaokadiriwa kuzidi milioni mbili katika jimbo hili, na kuna nyoka wa sumu wanaopenda ubaridi wa chini ya marobota ya nyasi.

Sheria ilikuwa upande wake. Shambani kwako hakuna anayekuuliza, na hata barabarani, tangu tarehe 1 Septemba 2021, mtu wa miaka 21 au zaidi ambaye hajakatazwa na sheria nyingine anaweza kubeba bastola bila leseni, mradi ikionekana iwe ndani ya ala. Mume wangu ana kadi ya ukaazi wa kudumu, alinunua bastola yake dukani kwa karatasi zote, na akajifunza kuitumia kwenye uwanja wa shabaha. Aliyoyajua yote yalihusu bastola. Kuhusu ala hakujua lolote, na iliyokuja kulisoma somo hilo ni nyumba nzima.

Ala ya kwanza ilikuwa ya nailoni, ya bei ya chini, iliyoandikwa kwamba inafaa bastola yoyote. Akaivalisha kwenye mkanda wake wa kanisani. Bastola yenye risasi zake inakaribia kilo moja. Ukiishika mkononi unaona ni kitu kidogo. Ifunge ubavuni mwa mtu anayechimbia nguzo, anayeinama na kuinuka, ndipo utajua uzito wake. Mkanda ulilegea upande mmoja, suruali ikaanza safari ya kuteremka, na baba watoto akawa anachimba kwa mkono mmoja huku wa pili unavuta kiuno. Jirani yetu, mzee wa Kitexas aliyezaliwa juu ya farasi, alisimamisha gari lake kando ya uzio akamtazama kwa muda mrefu.

“Rafiki yangu,” akasema, “nunua kwanza mkanda.”

Ushauri huo ulikuwa na thamani kuliko ala yenyewe. Mkanda wa kubebea bastola ni mnene, ngozi mbili zilizoshonwa pamoja au kitambaa kilichotiwa kitu kigumu katikati, upana wake kama sentimita nne. Haukunjiki kwa uzito, kwa hiyo ala haichezi. Mzee akaonyesha pia kasoro nyingine iliyonitia baridi: ala ile laini, bastola ikitoka, mdomo wake unafunga. Ili uirudishe lazima uupanue kwa vidole vya mkono wa pili, na vidole hivyo vinapita mbele ya mtutu. Rahisi ghali, na safari hii ghali yenyewe ingekuwa vidole.

Ikafuata ya Kydex. Hiyo ni plastiki ngumu iliyotengenezwa mwaka 1965 na kampuni ya Rohm and Haas kwa ajili ya kupambia ndani ya ndege. Mafundi wa ala waliigundua baadaye, kwa sababu ukiipasha moto inalainika, ukiibana juu ya umbo la bastola inashika umbo hilo hilo, na ikipoa haibadiliki tena. Bastola ikiingia unasikia “ta!” kama mlango wa friji mpya. Mdomo haufungi, jasho haliingii, mvua haiidhuru. Baba watoto alitembea nayo sebuleni akitoa sauti ile makusudi mpaka nikamtoa nje.

Nje ndiko ilikomshinda. Alipopanda trekta dogo la kukatia nyasi, kiti kina kingo pande zote mbili, na ala ikagota ukingo wa kulia kila tairi lilipoingia shimoni. Alipovaa mashine ya kufyekea, mikanda ya begani ilipita juu ya mpini wa bastola ikaubana mbavuni. Akaisogeza nyuma ya nyonga, na sasa kila akiinama shati linapanda na mpini unatazama mawingu. Jioni alikuwa na alama nyekundu kiunoni, na mimi ndiye niliyemkanda kwa maji ya moto.

“Punguza kuivaa,” nikamwambia.

“Koyote atakuja siku niliyoiacha,” akanijibu.

Wakati huo mama mkwe alikuwa amefika kutoka Kibosho kutuona, kwa visa ya matembezi. Tulimweleza jambo moja kwa makini. Sheria ya Marekani inamkataza mgeni mwenye visa ya muda kumiliki au kushika bunduki na hata risasi, isipokuwa wachache, kama aliyekata leseni ya uwindaji. Mama alisikiliza, akatikisa kichwa, akasema hata kwao hana haja nayo, tena hakusafiri na ndege mbili aje kushika bastola.

Mwanawe wakati huo alikuwa amehamia kwenye ala za ngozi. Alikuwa ameanza kusoma habari za El Paso, jinsi askari aitwaye Tom Threepersons alivyobuni ala fupi katika miaka ya 1920 ikatengenezwa na mshonaji matandiko ya farasi S. D. Myres, na jinsi umbo lile linavyoigwa mpaka leo. Kweli ngozi ni raha. Haikwaruzi, inapinda kufuata nyonga, na ikikaa mwilini inakuwa ya mwenyewe. Alinunua iliyokwisha kutumika, bila kamba ya kufungia juu, inayoishika bastola kwa kubana tu. Miaka ya jasho la mtu mwingine ilikuwa imeshaidhoofisha ngozi ile, na jasho la Julai likamalizia kazi.

Siku ya kukata kwato, beberu letu kubwa lilikataa. Baba watoto alilishika mguu wa nyuma, likamvuta, wakaanguka wote wawili kwenye nyasi za banda, likamburuta hatua kadhaa kabla hajaliachia. Akainuka, akajipangusa, akatukana kwa Kichaga ili watoto wasielewe, akaenda zake kurekebisha lango la upande wa pili.

Baada ya muda nikasikia naitwa kutoka bandani, kwa sauti ya mtu anayeita huku hataki kupumua sana.

“Mwanangu! Njoo na mume wako. Watoto wabaki ndani.”

Nilimkuta mama mkwe katikati ya banda, amekaa juu ya karai lililofunikwa kifudifudi, kanga ameikunja magotini, mkononi ana ufagio, na mbuzi wamemzunguka wakimshangaa. Baba watoto alikuja mbio. Aliponiona namtazama kiunoni, mkono wake ulikwenda ubavuni wenyewe, ukashika ngozi tupu.

“Mama, iko wapi?”

“Nimeambiwa nisiishike, sikuishika,” akasema. “Sikuambiwa nisiifunike.”

Akanyanyuka taratibu. Baba watoto akainua karai, akaichukua bastola, akatoa risasi, akakagua mara mbili. Hakuna aliyecheka mpaka ilipofungiwa kwenye kabati la chuma. Tulipofika jikoni ndipo mama alipoanza.

“Hivi, baba, wewe umesahau morani? Siku ya soko kule Boma Ng’ombe wanatembea na sime kutwa. Wanakimbiza ng’ombe, wanachuchumaa, wanaruka ngoma mpaka vumbi linatimka. Umewahi kuona sime imedondoka?”

“Hapana, mama.”

“Kwa nini?”

Mwanawe hakuwa na jibu, naye akampa. Ala ya sime imetengenezwa kwa ajili ya sime ile ile, inaibana kwa urefu wote, na mshipi wake umekazwa sawasawa kiunoni. Mwenye nayo hakuichagua akiwa amesimama mbele ya kioo. Aliichagua akijua atakimbia.

Kuanzia hapo mama akashika usukani. Jirani alituazima bastola bandia ya plastiki ya buluu, ile wanayofundishia, yenye umbo kamili bila kitu ndani. Mtihani ukafanyika uani. Mama kwenye kiti, watoto pembeni na daftari la kuandika alama, baba watoto anavalishwa ala moja baada ya nyingine.

“Chuchumaa. Inuka. Chukua gunia begani. Panda trekta. Shuka upesi. Lala chini kama beberu limekuburuta. Haya, kimbia, koyote yule!”

Alikimbia. Watoto walimpa alama za chini kwa mbio, lakini kwa ala tulipata majibu. Masharti ni matatu, na ala yoyote ikikosa moja inaondolewa: ifunike kifyatulio chote kisiguswe na kijiti, kamba wala kidole, iishike silaha hata ukigeuzwa kichwa chini, na mdomo wake ubaki wazi ikiwa tupu, ili kuirudisha kutumike mkono mmoja. Starehe inapimwa baada ya hayo, na inapimwa kwa kazi unayoifanya siku hiyo.

Iliyoshinda kwenye trekta na kwenye uzio ni ala ya kifuani, inayokaa mshazari mbele ya kifua kwa mikanda ya begani na mgongoni. Wavuvi wa Alaska wanaipenda, maana wanaingia mtoni wamevaa suruali za mpira zinazofika kifuani, kiuno hakifikiki, na dubu naye anavua samaki pale pale. Kwetu ilifanya kiuno kipumue. Kiti hakigoti, mkanda wa trekta unafungika, ukiinama kitu hakikuchomi mbavu. Ila ina yake. Joto la Julai linapita nyuzi 35 na chini ya mikanda mwili unachemka. Ukiitoa bastola bila uangalifu, mtutu unapita juu ya mkono wako wa kushoto. Na siku ya kupakia marobota ya nyasi, unayoyabeba kwa kuyakumbatia, haifai hata kidogo. Siku hizo anarudi kwenye Kydex ya nyonga, mpya, yenye kifungo ambacho usipokibonyeza kwa dole gumba bastola haitoki.

Koyote tuliwakomesha kwa njia nyingine. Jirani alituuzia punda jike, maana punda hawezi kuvumilia mnyama wa jamii ya mbwa ndani ya malisho yake, na wafugaji wengi wa Texas huweka mmoja kati ya mbuzi. Tangu afike hatujapoteza kitoto. Baba watoto bado anavaa ala yake kila alfajiri, kwa sababu ya nyoka, anasema.

Mama alipokuwa anafunga mizigo kurudi nyumbani, niliiona ile ala ya nailoni juu ya vitenge vyake.

“Mama, hiyo haifai kitu.”

“Kwa bastola,” akanijibu, huku akiijaribu kiunoni juu ya kanga. “Mkasi wangu wa kupogolea kahawa kila siku naupoteza kwenye migomba. Huu mdomo ukifunga, mkasi utanifanya nini?”

Akachuchumaa, akainuka, akaruka kidogo. Haikudondoka.

“Sasa niongezee na mkanda,” akasema. “Ule mnene.”